Maji Yanayozoleka

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakuwahi kushika zamu nasi, chumba cha chini, Mulago,
Jumanne ile Bi Kabasinguzi alipochelewa kufika chooni.

Walikuwa wamemdunga dawa ya kupigia picha mifupa,
wakamwambia: kunywa maji mengi, ungoje saa tatu.
Akanywa. Mwanamke mtiifu. Foleni nayo ndefu.

Kisha pale sakafuni, kidimbwi,
cha kawaida kabisa, kama cha mtoto yeyote.
Ila kipimo cha Tumuhimbise kikalia
kama mahindi kikaangoni,
na benchi zima likarudi nyuma.

Akachora duara kwa chaki.
Mama akabaki ndani yake,
gomesi ya zambarau imelowa pindoni,
anatazama ukuta.

Mimi Adokorach, huu mwaka wa tisa nafagia hapa.
Nyumbani Kitgum nilifunzwa: anza ndani, sukuma taka mlangoni.
Hapa ni kinyume. Anza ukingoni, uje katikati,
glavu mbili, karatasi juu ya karatasi,
bila kusugua, bila hasira,
kama unayemfuta mtoto aliyelala.
Nikayazoa. Tone kwa tone nikayazoa,
na kipimo kikapunguza maneno.

Akaniuliza, Kiswahili cha kubahatisha:
"Nitaua watu?"
"Si wewe, mama. Ni dawa.
Na dawa yenyewe inachoka: kila saa sita
inabaki nusu, halafu nusu ya nusu."
Hakuniamini. Hata mimi, mwaka wa kwanza, sikuamini
kwamba kuna uchafu unaokufa ukiachwa peke yake.

Mifuko tukaiandika tarehe,
tukaifungia kwenye kabati la risasi.
Risasi: neno hilo nililikimbia utotoni, usiku, miguu mitupu,
leo ndilo linalonikinga.

Kiatu changu cha kushoto kilikutwa na tone. Nacho ndani.
Nikateremka Bwaise na ndara za kuazima,
moja ya bluu, moja nyekundu; jirani akacheka hadi akakaa chini.

Ijumaa mama alirudi.
Tumuhimbise akafungua kabati, akapima kiatu: kimya.
Akapima gomesi: kimya.
Bi Kabasinguzi akaikunjua, akainusa,
akanitazama, akaangua kicheko.
"Mkojo tu!"

Mkojo tu.
Nikaichukua mikononi, bila glavu,
nikaenda kutafuta sabuni ya mche.