Kinga na Kinga

Aprili imeingia Kushiro na ukungu wake,
na kadi ya posta kutoka ofisi ya mji:
mbwa nambari mia nne na kumi na saba, aletwe.
Hiyo ni ya kichaa cha mbwa, sina ubishi nayo.
Sheria ni kila mwaka, ingawa ugonjwa wenyewe
haujaonekana hapa tangu nikiwa mvulana wa kaptula.
Sheria ni treni ya saa kumi na moja na dakika nne alfajiri:
huondoka, kuwe na abiria, kusiwe.

Ubishi wangu ni juu ya ile sindano nyingine,
ya mchanganyiko, magonjwa matano kwa mchomo mmoja.
Kila mwaka? Kila baada ya mitatu?
Miaka thelathini na minane nilikagua reli,
nikigonga parafujo kwa nyundo na kusikiliza.
Nzima hulia. Iliyolegea hunyamaza.
Zipo za kugongwa kila siku, zipo za kila mwaka,
na hakuna aliyeniambia nani alipanga, wala kwa nini.
Niligonga tu.

Azuki, wewe si parafujo.
Mwaka jana ulirudi kutoka kwa daktari umetulia,
jioni uso ukaumuka kama unga uliotiwa hamira,
macho yakawa nyufa mbili,
nami nikaketi nawe sakafuni jikoni hadi kulipokucha,
mkono mbavuni mwako, nikihesabu pumzi.
Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Walikuwa wakizungumzia kuni.
Usiku ule sikuwa na hakika.

Lakini pia nilimzika Gonta.
Mwaka wa mgomo, mshahara nusu, tukasema: mwakani.
Homa ya mbwa haikungoja mwakani.
Taya zake zilitafuna hewa siku tisa,
na Chizuko akamfunga katika koti langu la kazi, lenye vifungo vya shaba,
bila kuniuliza kama nitalihitaji.

Daktari Sawaguchi, binti mdogo, kucha zimekatwa hadi nyamani,
anasema ipo njia ya tatu: tuuulize mwili.
Damu kidogo, kichupa, siku kumi za kungoja.
"Mwili una kumbukumbu," anasema.
"Mingine humkumbuka miaka mingi
adui iliyemwona mara moja. Haihitaji kukumbushwa."

Nikageukia ukutani, kwenye picha ya minyoo ya moyo.
Maana nyumbani yupo anayehitaji.
Kila asubuhi, vijiti vikiwa bado juu ya bakuli la wali,
Chizuko huniuliza: "Mbwa ameshachanjwa?"
"Ameshachanjwa."
Uso wake hulegea, hula.
Dozi hiyo humtosha hadi kesho. Siku nyingine hadi saa sita.
Mara moja aliuliza kuhusu Gonta.
Nikasema: naye pia.

Majibu yamekuja leo.
Damu yako, Azuki, haijasahau kitu,
si parvo, si homa, si ugonjwa wa ini.
"Basi miaka mitatu," akasema daktari, "kisha tutapima tena,"
akafuta meza kana kwamba hajasema neno kubwa.
Mitatu!
Wewe una kumi na miwili, na nyonga ya kushoto imeanza kukusaliti.
Mimi nina themanini na mmoja.
Chizuko, sijui Chizuko yuko mwaka gani.

Kalenda ya jikoni inaishia Desemba.
Nimefungua kabati la chai, na upande wa ndani wa mlango,
pale alipokuwa akiandika urefu wa watoto kwa penseli,
nimeandika siku, mwezi, mwaka, na jina lako,
chini kabisa, usawa wa mgongo wako.
Kisha, kwa mazoea, nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole,
nikasikiliza.