Chatu wa Barabara ya Kumi na Tano

Mama alidhani nafuga nyoka.
Nilimtajia jina tu, kwamba lugha yenyewe inaitwa Chatu,
akakaza kanga, akachungulia mvunguni,
akaona baiskeli ya Mbaruku isiyo na mnyororo
na daftari la kikoba, kurasa zimenata mafuta.

Wanachama kumi na tisa, elfu tano kila Ijumaa.
Mweka hazina ni mimi
kwa kuwa nilifika kidato cha nne,
na kwa kuwa wengine walikataa.

Usiku wa kwanza aligoma mstari wa tatu.
Nikausoma mpaka nikauhifadhi kama Alhamdu. Mzima.
Kumbe ni wa pili: mabano niliyafungua nikaenda zangu,
mlango ukabaki wazi kwetu
na mwizi akakamatwa kwa jirani.

Mbaruku, fundi wa baiskeli, ndiye aliyenifunza
kusoma malalamiko yake kuanzia chini.
"Mstari wa mwisho ndio unaosema.
Huko juu ni nani kamtuma nani."

Halafu nafasi. Neno moja limeteleza
upana wa punje ya mchele, basi, kazi imesimama.
Safu isiponyooka, haswali.
Halafu herufi: niliandika Jumla, nikaja kumwita jumla.
"Simjui huyo," akasema,
mkavu kama Bi Mejumaa ukimwita Juma.

Na huyo Bi Mejumaa!
Elfu tano ya wiki jana, elfu tano ya wiki hii,
Chatu akajibu: 50005000.
Milioni hamsini na elfu tano.
Nilitoka nayo barazani, nikamsomea.
Akaacha kuchambua mchicha. "Nilipe sasa hivi,
kabla hilo dude halijazinduka."
Sikuwa nimemwambia kuwa hizi ni namba.
Aliziona maneno,
na maneno hayajumlishwi, hupangwa foleni.

Nikamtafuta mwanachama wa kumi na tisa: hayupo.
Anahesabu tangu sifuri, wa kwanza kwake ni wa sifuri,
wa mwisho ni wa kumi na nane.
Nililalamika hadi umeme ukakatika.
Mama, ambaye saa saba ya wenzetu
ameiita saa moja tangu azaliwe,
hakuona cha ajabu. "Kila nyumba na saa yake," akasema,
akaniwashia mshumaa.

Kisha likaja lile.
Mstari wa arobaini na mbili. Nilianzia chini, kama nilivyofundishwa.
Chini palikuwa na jina peke yake:
'Mwanamkasi'.

Tulimzika mwezi wa Shaabani.
Kwenye orodha ya wanachama nilimfuta mwenyewe,
kwa kidole hikihiki.
Kwenye orodha ya michango bado alikuwa anatoa,
Ijumaa thelathini na moja, hakuruka hata moja,
na Chatu alikuwa ameshika fedha mkononi
akiuliza za nani.

"Mruke," Mbaruku akasema, grisi hadi kwenye viwiko.
"Kuna namna ya kumwambia, ukikwama, kaa kimya, endelea."
Nikaandika. Mistari minne.
Akapita laini, hakukohoa,
akanipa jumla safi, imepigwa pasi,
imepungua laki moja na elfu hamsini na tano.

Hapakuwa na ujumbe wowote.
Nilikaa nikiitazama ile jumla.
Makosa yote ya nyuma alinipigia kelele,
hili alilibeba kimya kwa sababu nilimwomba.

Nikaifuta ile mistari minne.
Nikamrudisha Mwanamkasi kwenye orodha, herufi kwa herufi,
M kubwa.

Ijumaa nilikwenda Makorora na bahasha.
Mwanawe alinikaribisha kwenye mkeka,
akazitoa noti, akalowesha kidole,
akahesabu mara mbili,
kuanzia moja.