Dawa ya Kelele

Kijana wa dukani, kibandiko kifuani kinasema Ha-ram,
amenipangia visikizi vitatu juu ya kioo
kama daktari wa meno anavyopanga vyuma vyake.
Tuko chini ya ardhi, Busan, hatua chache na lango la treni.
Simu zinalia, feni zinanguruma,
mtoto analilia kava yenye masikio ya sungura.

Navaa cha kwanza.
Feni inakufa. Treni inakufa.
Mtoto bado kaachama,
kilio chake kimefifia, kama cha mtu ng'ambo ya ukuta.

Si changu, namweleza. Ni cha mama.
Au cha baba. Hapo ndipo penye mushkeli.

Baba yangu, Pan-seok, alipiga nyundo miaka thelathini na mmoja
ndani ya matumbo ya meli kule Geoje,
masikio kayaziba kwa pamba ya godoro.
La kushoto lilistaafu kabla yake.
La kulia linafungasha virago.
Siku hizi anatazama baduk kwenye televisheni,
kete nyeusi, kete nyeupe,
watu wawili wameinamia ubao saa tatu bila neno.
Mchezo mkimya kuliko yote niijuayo,
naye kaufungulia sauti mpaka mwisho.
Kete ikitua, TAK!
vikombe kabatini vinaitikia.

Mama, Mal-sun, anasikia mchele ukikauka maji.
Anasikia uongo wangu kwenye simu
kabla sijaumaliza.

Basi avishwe nani?
Asiyesikia, apewe sauti peke yake,
au anayesikia, apewe kimya peke yake?

Ha-ram hawajui wazee wangu. Anajua betri.
Hiki saa thelathini. Hiki kinakunjika.
Hiki kinawabana wenye miwani.
(Mama ana miwani. Naandika kiganjani: miwani.)
Kimya hiki, anasema, hakiji kwa kuziba tu.
Ndani mna maikrofoni ndogo, haifiki punje ya ufuta,
inasikiliza kelele inavyokuja,
kisha kinatolewa kelele ya pili, kinyume chake:
penye kilima bonde, penye bonde kilima,
zikikutana hakuna iliyosimama.

Dawa ya moto ni moto, najisemea,
na nawaona wazee wangu mezani.
Baba akisema baridi, mama anafungua dirisha.
Baba akisifu supu, mama anaikuta na chumvi nyingi.
Miaka arobaini na minne, wimbi kwa wimbi,
nami chumba cha pili nikalala
nikidhani ile ni amani.
Labda ilikuwa amani.

Cha pili ni won laki nne na nusu.
Bei yenyewe inanyamazisha.
Cha tatu ni plastiki, na Ha-ram anakisema kweli,
akitazama kando: "Hiki sauti za watu hakiziwezi.
Injini inatabirika, dada. Mtu hatabiriki."

Nakichukua hicho. Kwa mama, naamua,
na njiani kote ndani ya treni nabadilisha uamuzi.

Nyumbani hakuna aliyeningoja niamue.
Baba kakinyakua mfukoni, kakivaa juu ya kofia,
kavua kofia, kakivaa tena.
Mama anazima televisheni ili jaribio liwe la haki.
Chumba kinanyamaza. Tunamtazama.
Kichwa kakiinamisha, kama anayesubiri lifti ifike.
Kisha anakivua, anakipindua, anatafuta alama ya kiwanda.
"Kibovu," anasema. "Bado nasikia nyundo."

Hapakuwa na nyundo. Palikuwa na friji,
na saa ya ukutani iliyosimama tangu mwaka jana.

"Tangu lini?" namuuliza, upande usiosikia.
Mama anahamia kulia kwake, anauliza tena, taratibu.
Baba anahesabu kwa vidole,
anavimaliza, anaacha.

Mama hasemi kitu.
Anatafuta rimoti chini ya mto,
anafungua sauti, ngazi kwa ngazi,
anapita pale alipozoea kugombana,
anaongeza mbili.
TAK!
Vikombe vinaitikia.

Risiti iko mfukoni. Wamenipa siku saba.