Masjala, Tukuyu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Inaingia kwa ufa wa dirisha la masjala,
inalamba migongo ya majalada ya ardhi
mpaka yanaota ukungu wa kijani,
nami nayafuta kwa khanga kuukuu, moja moja,
kama mtu afutaye makamasi ya watoto wasio wake.

Miaka kumi na tisa kazi yangu ni hii:
kupokea, kugonga muhuri, kufunga kwa kamba,
kusema, "Njoo kesho."

Mwaka juzi walinipeleka India, wiki sita,
mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu.
Nilifungasha sweta mbili, kwa mazoea ya Rungwe,
nikashuka Delhi mwezi wa tano;
jua likanicheka mpaka gego la mwisho.

Pesa waliita paisa, gari waliita gadi,
laki yao ilikuwa laki yetu,
na chai, chai:
ya kwenye kikombe, na ile nyingine
niliyoitambua kwa jinsi karani alivyofungua droo
bila kuitazama.

Kwenye treni ya usiku ya kwenda Ajmer
mama mmoja alinigawia chapati na pilipili ya kukaanga,
akaniuliza kwa vidole: watoto wangapi?
Nikamwonyesha vitatu. Kimoja nikakikunja.
Akakishika kile kilichokunjwa,
hakukiachia mpaka stesheni ya pili.

Ofisi yao ya wilaya: majalada hadi darini,
yamefungwa vitambaa vyekundu,
na benchi, jamani, benchi lilelile,
limeng'azwa na makalio ya wananchi.
Mzee akauliza jambo. Karani akamjibu, "Kal."
Ndiyo nini? nikamuuliza Kamlesh, mkalimani wetu.
Kesho, akasema. Kisha akakuna shingo:
ni jana pia. Neno ni hilohilo.
Nikacheka.
Halafu nikamwona mzee anavyokunja risiti yake,
imekunjwa mara nyingi hata imekuwa laini kama kitambaa,
nikaacha kucheka.

Siku moja kijijini walituonyesha ukuta.
Ukuta wa zahanati, rangi ya njano,
umeandikwa majina: nani alichimba barabara,
siku ngapi, akalipwa nini.
Dhapu, mponda kokoto, hajui kusoma;
mjukuu akamsomea, naye akatia kidole kwenye jina lake
akapaza sauti uwanja mzima usikie:
ishirini na mbili? Mimi nilikwenda siku thelathini!
Mwenyekiti akakohoa. Hakuwa na kikohozi.

Sisemi kule ni peponi.
Njia ileile nilimwona mtu akizoa mtaro kwa mikono mitupu,
na wapitao wakikwepa hata kivuli chake.
Nami nilipita upande wa wapitao.

Nimerudi. Cheti nimekitundika.
Bwana Mwaisumbe aliulizia bangili za mkewe tu.
Ukuta tunao, fungu la rangi hatuna.
Basi nikapasua katoni la biskuti,
nikaandika kwa wino mzito majina ishirini,
na jalada la kila mmoja limelala meza ya nani,
nikalibandika chini ya upenu, mvua isikofika.
"Umepata kibali?" akauliza.
"Kal," nikamjibu.
Alidhani ni jina la ofisi fulani ya mkoani.

Leo asubuhi Bibi Tupokigwe wa Isongole,
amekuja kwa miguu, mwavuli wake jani la mgomba,
amemkamata mtoto wa shule amsomee.
Kidole kimeshuka, jina kwa jina, kikatua.
Tupokigwe Mwasomola, akasoma mtoto.
Shamba la migomba, ekari mbili.
Lipo tangu mwezi wa tatu.
Meza ya...

Akainua macho, akaniona dirishani.

Soma, mwanangu, nikamwambia.
Soma kwa sauti.