Kichupa cha Ishirini na Nne

Mwani umefika Dodoma kwa basi la usiku,
ndani ya ndoo ya rangi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Kondakta amelalamikia harufu tangu Gairo.

Mimi, Mbeleje Ndahani wa Hombolo,
bahari sijaiona. Naijua kwa uzito mkavu:
nusu gramu, mara ishirini na tatu.
Huu wa mdomo wa mto, chini ya viwanda.
Huu wa gatini.
Huu wa kisiwani, ambako, wanasema, hakuna kitu.

Nauosha, nautia tanurini nyuzi sitini,
keshoye nautwanga.
Ukishakuwa unga, rangi yake ni ileile
ya mlenda wa mama, anaouanika juu ya tembe,
akautwanga, akaufungia kwenye debe
ungoje njaa.

Bwana Chiloleti, mkuu wa maabara, husema:
maji yamepita, samaki kahama,
ukitaka shahidi muulize aliyeng'ang'ania jiwe.
Mwani hauna pa kwenda.
Kila kipitacho unakionja,
na ulichokionja haukitemi.

Asidi inachemka chini ya dohani. Nageuza uso.
Mashine inawasha mwali wake, inasoma:
shaba, zinki, kadmiamu,
na risasi, hii isiyohitaji bunduki.
Mwani wa kisiwani, kule kusiko na kitu,
una kitu.
Narudia kupima. Una kitu.

Jioni mama kapiga simu. Mvua zimeturuka tena.
Mlenda, tangu mwaka jana, anachuma nyuma ya kwa Mlugu,
pale wanapopasua betri za malori;
majani manene, anasema, hata kiangazi hayanyauki,
sijui Mungu kaweka nini pale.
Nikasema, vizuri mama.
Kisha nikanyamaza, hadi akadhani mtandao umekatika.
Haloo? Haloo, Mbeleje?

Kishikizo cha vichupa kina matundu ishirini na nne.
Tundu la mwisho huwa tupu, hakuna aliulizaye.
Debe alilonipa Pasaka limebaki robo.
Nimepima nusu gramu, kama kawaida, mkono si kama kawaida.
Daftarini, kwenye mstari wa mwisho, nimeandika "mwani",
nikakata,
nikaandika "mboga".
Mahali: nimeacha wazi.

Mashine imefika ishirini na mbili.
Saa nane imepita.
Chakula changu cha mchana, ugali na mlenda,
bado kimefungwa kwenye kitambaa.