Jina la Asubuhi

Mpima ramani alitufikia saa mbili asubuhi,
soksi kavu: alivuka kwa mawe saba
huku anapiga mluzi.
Akafungua daftari. "Mto huu mwauitaje?"

Bibi yangu Savsanmo alikuwa anakamua yaki.
Hakugeuka. "Obi Narm," akasema. Maji Mapole.
Akaendelea, maana yaki hasubiri serikali.

Mpima akaandika. Upana: hatua tisa.
Kina: goti la mtoto (goti lilikuwa langu).
Rangi: akasita, akaandika "safi".
Hakuuliza kama lipo jina jingine,
na kule kwetu Pamir
hujibiwa aliyeuliza.

Barafu iko juu, mwendo wa siku nzima,
imekaa baina ya vilele viwili
kama deni baina ya ndugu.
Usiku hujikunja ngumi.
Jua likiigusa hulegeza kidole kimoja,
kisha cha pili,
na kinachomponyoka asubuhi huko juu
kwetu hufika alasiri,
kijivu, kizito, kimebeba mawe tumboni.

Saa tisa yale mawe saba hayakuwapo.
Punda wa mpima alinusa ukingo, akakaa chini.
Mwenyewe akasimama, daftari kwapani:
"Mama, na huu?"

"Huu si ule ulioupima," bibi akamwambia.
"Una jina lake. Hatulitaji ukiwa macho.
Ulimchukua Qurbonsho wangu
na kapu zima la aprikoti.
Kapu lilirudi."

Akalala kwetu. Tulimpa mto wa sufi ya kondoo,
na ule mto mwingine
ukamsagia mawe sikioni hadi alfajiri.
Akavuka kwa mawe sita. La saba lilikwenda,
hatukujua wapi. Daftari hakulifungua tena.

Leo ramani yake iko ukutani kwangu, mjini.
*Obi Narm*, herufi za buluu
zimelala zikifuata kila kona.
Wageni huisoma, huingia mchana.
Kando yake nimeandika kwa penseli: saa tisa.
Si jina. Jina ninalo,
nimekaa nalo miaka arobaini chini ya ulimi.

Ningeliandika jioni hii.
Ila mto mkubwa unapita hapa nyuma ya soko,
na yale maji yamo ndani yake,
yamo, hata kama hakuna anayeyaita,
na dirisha nimeliacha wazi.