Funguo za Lubbert Hoekzema

Ijumaa, saa kumi kasorobo, jua la Novemba limeshachoka.
Lubbert anamwaga funguo mezani.
Tjitske wa mapokezi anazihesabu kwa ncha ya kalamu.
Kuna keki ya tufaha, kuna maua,
na hotuba ya mkuu ilimalizika kabla kahawa haijapoa.

Huu wa shaba, mzito kama nyundo, ndio wa kwanza.
Ulifungua chumba kimoja juu ya duka la mkate,
wachapakazi wa kiwanda cha wanga wa viazi
walipopanda ngazi saa moja usiku, vidole vimekufa ganzi,
kujifunza kuchora gurudumu lenye meno.
Babu yake alikuwamo. Alichora gurudumu lile lile
majira yote ya baridi, akifuta, akichora,
karatasi ikatoboka kabla gurudumu halijakubali kuzunguka.
Waliosoma Kilatini waliiita shule ya masizi.
Hawakukosea. Kitasa cha mlango kilikuwa cheusi.

Huu mdogo ni wa kabati la wauguzi:
ndani alilala Tante Jantje, sanamu ya mpira,
aliyedungwa sindano na vizazi vitatu asigune.
Huu wa walimu. Huu wa maabara ya maziwa.
Huu hakuna anayejua ni wa wapi.

Kisha ikaja barua kutoka Den Haag: shule ndogo ziungane.
Ndoa kumi na mbili kwa mkupuo, bila posa wala mahari!
Wauguzi wakakataa kunywa kahawa na mafundi,
mafundi wakadai walimu wanakula chaki.
Kikao kikazaa kikao. Jina likatafutwa miezi tisa,
likazaliwa refu mno, likakatwa, zikabaki herufi tatu.
Lubbert, kijana bado, akazitia funguo zote katika pete moja,
akapanda baiskeli dhidi ya upepo,
nazo kiunoni zikigombana, zikigombana
hadi daraja la mfereji, na ng'ambo yake.
Hivyo ndivyo alivyojua chuo kimezaliwa:
kwa kelele.

Leo ni kioo, ghorofa sita.
Vijana wanapima pumzi ya hidrojeni,
binti wa Aleppo anamfundisha roboti kukamua ng'ombe
bila kumtisha.
Nyumbani chuo hakiruhusiwi kujiita chuo kikuu;
kikivuka mpaka tu, kinajiita,
kama mtu avuaye kofia mbele ya baba mkwe
akaivaa tena njiani.
Milango hufunguka kwa kadi, hata kwa simu.
Hakuna tena wa kuamshwa usiku wa manane
kwa sababu mtu amesahau shali yake darasani.

"Arobaini," anasema Tjitske. "Orodha inasema arobaini na moja."
"Hesabu tena."
Anahesabu. Anatazama shada la maua,
anatazama mfuko wa koti la Lubbert, ulivyoinama upande mmoja.
Nje taa za baiskeli zinaanza kuwaka.
Anaandika: arobaini na moja. Anatia sahihi.

Njiani upepo ni ule ule, unatoka baharini,
haujui kwamba mtu amestaafu.
Lubbert anakanyaga pedali, anasikiliza kiuno chake.
Kimya.
Ufunguo mmoja haulii.
Darajani anautoa, anaupasha moto kiganjani,
ule usiojulikana mlango wake,
anaurudisha mfukoni, anaendelea.